Vya Marehemu Havipunguzwi Bei

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwa dobi, nikitazama picha yangu mwenyewe imebandikwa kwenye kioo, na chini yake maandishi mekundu: HUYU SI MFANYAKAZI WETU TENA. Wengi wenu mliniandikia kunipa pole. Mmoja akaandika kwamba nina sura ya mtu anayestahili kufukuzwa. Huyo leo nitamfurahisha.

Kwa aliyechelewa kujiunga, mambo yako hivi. Koti la mteja lilipotea dukani, nikaambiwa nimeliuza mimi. Sikuliuza. Naapa, na hicho ndicho kiapo pekee cha kweli mtakachokisikia leo. Nikafukuzwa. Mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, yuko mbali kwenye ujenzi wa daraja na anarudi nyumbani kila baada ya miezi minne. Huku nyuma mama yake akateleza bafuni kwake, akavunjika nyonga, akaletwa kwangu na masanduku saba. Yeye akachukua chumba chetu. Masanduku yakachukua sebule. Mimi nikabaki na jiko.

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa huu aliwaona yeye kabla mama zao hawajawaona, na hawaruhusu wasahau. Mimi ananiita "mke wa mwanangu". Miaka sita ya ndoa, sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake.

"Mke wa mwanangu, uji huu umeupika au umeutishia moto?"

"Nimeupika, Mama."

"Basi uji haukuambiwa."

Hayo ndiyo maisha niliyokuwa naishi nilipoanza kuuza vitu mtandaoni. Nilianza kwa shida. Niliendelea kwa utamu.

Vya kwanza vilikuwa vyangu: mkoba, pasi, viatu vya harusi. Kama hujawahi kuuza kitu kilichotumika kwenye simu, hujui dharau ni nini. Bei ya mwisho ngapi dada. Punguza basi. Kwa nini kisigino kimelala upande. Mama mmoja alibishana nami siku mbili kwa ajili ya pazia, tukakubaliana bei, halafu akaandika kwamba hahitaji pazia, alikuwa amechoka tu kukaa peke yake.

Kisha nikauza redio ya baba yangu. Baba alikwisha kufa, Mungu amrehemu, kwa hiyo nikaandika ukweli: "Redio ya marehemu baba. Inafanya kazi."

Haikumaliza saa moja. Hakuna aliyeuliza bei ya mwisho. Mnunuzi aliandika maneno matano: "Pole sana dada. Natuma sasa." Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni na ile simu mkononi, nikafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri kabla ya kuolewa.

Mtu haoni aibu kumpunja aliye hai. Lakini nani ataandika kwa mfiwa, "Punguza kidogo"?

Taabu ni kwamba baba aliacha redio tu. Nikageuza shingo, nikayatazama masanduku saba.

Mama mkwe hawezi kusimama. Haoni sebule kutoka kitandani. Na mimi, hata kama dobi alinifukuza, mikono yangu hakuifukuza. Naweza kulichukua gauni la miaka ishirini, nikalitia wanga, nikalipiga pasi ya mvuke, nikalibadilisha vifungo, ukadhani limetoka dukani jana. Nilipotoa nguo sandukuni nilijaza magazeti ya zamani ili uzito usibadilike. Huenda na ninayowaandikia humu kila wiki yamo.

Tangazo la kwanza niliandika hivi: "Gauni la marehemu mama mkwe wangu. Limevaliwa kwa heshima."

Likaondoka kabla uji wake haujachemka.

Sasa sikieni kosa langu, maana baadhi yenu mnapenda kosa liwe na mguu na mkono. Kwenye soko lile la mtandaoni wateja walinijua kama Dada Nadhifu. Lakini ndani, kule wanakotaka kitambulisho, sikuthubutu kuweka jina langu. Picha yangu iko kwenye kioo cha dobi kwa kesi ya koti. Leo jina langu lionekane linauza nguo za watu? Yule mwenye dobi angekuja na polisi na pingu za kipimo cha mkono wangu.

Kitambulisho cha Mama nilikuwa nacho, kwa sababu mimi ndiye ninayemchukulia dawa. Simu yake pia huwa ninayo mimi kila akilala na kila ninapotoka. Nikaandika jina lake, namba yake, kila kitu chake. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia kwenye simu yake, niliusoma na kuufuta, na kila wa soko uliofuata vivyo hivyo.

Kwa hiyo kwa miezi mitano mama mkwe wangu aliuza nguo zake mwenyewe, akiwa marehemu, bila kujua habari ya kuuza wala ya kufa.

Wateja wakawa wanauliza. Binadamu anapenda kujua. "Marehemu aliumwa nini?" Mwanzoni nilijibu kwa kifupi. Halafu nikaona kwamba ukisimulia kidogo, mtu ananunua na sketi juu ya gauni. Nikasimulia. Nikawaambia habari za nyonga. Nikawaambia kwamba mkunga aliyewavisha nepi watoto wa mtaa mzima, mwishoni alivishwa nepi yeye. Nikawaambia kwamba akizidiwa na maumivu humwita mama yake, mwanamke mzima wa miaka sabini na moja, anaita "Mama, mama" ukutani.

Hayo yote yalikuwa kweli. Ndiyo yaliyouza kuliko mengine.

La kutunga lilikuwa moja tu. Niliandika kwamba siku ya mwisho alinishika mkono, akanisamehe yote, ndipo akakata roho.

Basi. Siku moja soko likaniandikia. Nimeuza zaidi ya vitu thelathini, likasema, na sheria inalitaka lipeleke taarifa zangu ofisi ya kodi. Nijaze namba ya mlipakodi, la sivyo akaunti inafungwa. Nikajaza ya Mama, maana uongo ukishauvalia viatu huwezi kurudi peku. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya ofisi ya kodi, inamwita kwa jina lake. Niliipokea mlangoni mimi, nikaificha kwenye pipa la unga. Jumatatu ya wiki hii nikaenda mimi.

Kwenye dirisha namba nne alikuwepo mwanamke mwenye kalamu tatu zimechomekwa kwenye nywele. Simjui jina. Namwita Bibi Kalamu. Alikuwa na karatasi rundo zima mbele yake, na nilipotupia jicho nikaona matangazo yangu. Chini ya matangazo, mazungumzo yangu na wateja, neno kwa neno. Mimi nilidhani yale ni ya mimi na wao.

"Mwenye akaunti hii ni wewe?"

"Ni mama mkwe wangu."

Akatazama kitambulisho, akatazama karatasi. "Hapa imeandikwa 'gauni la marehemu mama mkwe wangu'. Mara ya pili, 'blanketi la marehemu mama mkwe wangu'. Mara ya ishirini na sita, 'viatu vya marehemu'. Muuzaji ni mama mkwe. Marehemu ni mama mkwe. Sasa nisaidie, hawa ni wangapi?"

Foleni nyuma yangu ikasogea karibu ili isikie.

"Ni mmoja," nikasema.

Bibi Kalamu akachomoa kalamu moja. Sauti yake ikalainika, na kulainika kule ndiko kulikonimaliza. "Sikiliza mwanangu, usiogope. Kuna njia mbili tu. Kama mwenye akaunti amefariki na mnauza vitu alivyoacha, haya ni mambo ya mirathi, mimi nafunga hapa leo hii. Kama yuko hai..."

"Amefariki."

"Sijamaliza."

"Hakuna haja, Mama. Amefariki."

Akanitazama. Akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake, mara moja, kwa kidole kimoja. "Pole sana," akasema. "Cheti cha kifo utaleta ndani ya siku thelathini."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Siku thelathini ni nyingi, nikasema, Mungu ni mwema. Mungu angenisikia angevuta shati langu. Jumanne, kwa furaha ile ile, nikatoa sandukuni gauni la bluu. Lile alilolivaa siku ya kustaafu, wauguzi wakamwimbia. Lile alilowahi kuniambia, bila hata kunitazama, "Mke wa mwanangu, hili nitazikwa nalo. Usije ukanizika na matambara yako." Nikaliuza asubuhi, likaondoka mchana.

Jumatano simu ikalia. Karani wa hospitali.

"Tunahitaji kumwondoa mgonjwa wako kwenye orodha ya Jumanne."

Sijawaambia Jumanne hiyo ni nini. Jumanne ijayo ndiyo siku ya upasuaji wa nyonga ya Mama. Tumeisubiri miezi saba. Bima yake ya wastaafu ndiyo inayolipa. Daktari alisema akikosa nafasi hii, mfupa utaunga vibaya, na hatasimama tena maisha yake yote.

"Kumwondoa kwa sababu gani?" nikauliza.

"Kadi yake imekataa. Inasema mwenye kadi amefariki." Karani akasita. "Poleni lakini. Alikufa lini? Maana wiki iliyopita nilizungumza naye, alinitukana."

Nikasema kuna makosa. Akasema makosa hayako kwake. Ofisi ya kodi imeiambia ofisi ya vitambulisho, vitambulisho wameiambia pensheni, pensheni wameiambia bima. Yeye kaambiwa na kadi. Kidole kimoja cha Bibi Kalamu, na mama mkwe wangu alikuwa amekufa katika majengo manne.

Nikazima simu yangu. Niliizima kama mtoto anayefumba macho ili asionekane.

Alhamisi, yaani jana, dirisha namba nne likifunguliwa mimi nilikuwa nimeshasimama pale.

"Yuko hai," nikasema.

Bibi Kalamu akainua kichwa. "Nani?"

"Marehemu."

Alivuta lile rundo la karatasi, akalisoma polepole, na alipofika pale pa nepi akaacha kusoma, akavua miwani. "Huyu mama anayajua haya?"

"Hapana."

"Na haya ya nepi, unasema ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Ungalitunga tu," akasema. "Ungalitunga, ningalikuheshimu."

Nikamwomba abonyeze tena, arudishe. Akacheka kicheko kisicho na furaha, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. "Kuna kisanduku cha kufa. Tafuta wewe kisanduku cha kufufuka." Hakikuwepo. "Dawa yake ni moja. Mwenyewe afike hapa dirishani, na uso wake, na kidole chake nikichukue alama. Kesho kabla ya saa sita. Baada ya hapo orodha ya hospitali inafungwa."

"Hawezi kutembea."

"Hata kwa machela. Sijasema atembee. Nimesema afike."

Nikashika ukingo wa dirisha. Halafu nikauliza swali ambalo hadi leo najilaumu kuliuliza, kwa sababu bila jibu lake ningelala.

"Jumatatu ulisema, kama yuko hai... Ulikuwa unataka kusema nini?"

Bibi Kalamu akarudisha kalamu kwenye nywele. "Nilitaka kusema kwamba kama yuko hai, na hizi ni nguo zake za zamani, zimevaliwa, mnaziuza chini ya bei aliyonunulia, hamdaiwi chochote. Hiyo si biashara. Ni kusafisha nyumba. Ningefunga hapo hapo, nikakupa karatasi, ukaenda zako." Akaita mwingine kwenye foleni. "Hukuniacha nimalize."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia. Nitasema soko limekosea. Nitasema ofisi imemchanganya na mtu mwingine. Nitamchukua kwa machela, nitamwambia ni vipimo. Nilipofika mlangoni nilikuwa na uongo mpya umekunjwa vizuri, umepigwa pasi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, miwani puani. Simu yake ilikuwa mkononi mwake.

Kwa haraka ya kuwahi dirishani asubuhi, nilisahau kuichukua.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Akasoma kwenye simu kwa sauti ile ya wodini, ya kusomea majina ya wagonjwa. "'Mfuko wa wastaafu unatoa pole kwa familia ya marehemu.' Jina langu limeandikwa vizuri, herufi zote. Kazini miaka thelathini na nne walikuwa wanalikosea."

"Mama, hiyo ni..."

"Subiri. Hii imeingia adhuhuri. Hapo hapo ikaingia nyingine, mtu anauliza kama viatu vya marehemu bado vipo. Nikabonyeza. Nina muda, mimi, sina pa kwenda. Nikabonyeza na kwingine."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hajawahi kuliruhusu, na hakulikataza.

"Nimesoma yote," akasema. "Tangu saa sita mpaka sasa. Unaandika vizuri. Sikujua unaandika vizuri. Nimesoma habari za nepi. Watu kumi na nane wanajua habari za nepi, nimewahesabu. Mmoja nilimzalisha mimi, nimemjua kwa picha. Nimesoma ninavyomwita mama yangu." Hapo midomo ilimtetemeka, akaikaza. "Nilidhani mlango ukifungwa husikii."

Nikaanza kulia. Nilisema nisamehe, Mama, nisamehe, mara ngapi sijui.

"Hilo nalo nimelisoma," akasema. "Umeandika nilikushika mkono, nikakusamehe, ndipo nikafa. Mengine yote ni kweli, mke wa mwanangu. Hapo tu ndipo ulipotia chumvi."

Nikamweleza habari ya upasuaji. Nikamweleza dirisha namba nne, saa sita, machela. Nilimweleza bila kuficha, kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, na sikuona unafuu wowote. Alisikiliza bila kukatiza. Yeye anajua kumwacha mtu amalize.

"Vizuri," akasema. "Nitakwenda. Lakini kwanza utamwambia mume wako."

"Mama, nitamwambia akirudi."

"Utamwambia sasa. Nami nasikia. Utamsomea tangazo la kwanza, halafu lile la nepi, halafu lile la kusamehewa. Kwa sauti hiyo hiyo unayowasimulia wateja wako. Nataka mwanangu ajue ameoa nini."

Akabonyeza simu yake, akaweka sauti ya nje, akaniwekea mapajani.

Iliita mara moja tu.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mume wangu, imekauka. Nyuma yake magari yalikuwa yanaunguruma. "Nani anatumia simu ya mama yangu?"

"Ni mimi."

"Mke wangu. Nimekupigia mara ishirini, umezima." Akavuta pumzi, nikamsikia anavyoivuta kwa vipande. "Usiseme kitu. Najua. Wameniandikia watu wa pensheni, mimi ndiye niliyeandikwa ndugu wa karibu. Niko stendi, nangoja gari."

Nikamtazama Mama. Hilo hakulitazamia. Ule ukali wa usoni ulimtoka taratibu, na chini yake nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake, uso wa mama ambaye mtoto wake anamlilia.

"Aliteseka?" mume wangu akauliza, akaangua kilio. Mwanaume yule, fundi wa vyuma, analia stendi mbele za watu.

Mkono wa Mama ukatoka kwenye shuka. Ukaja kuelekea kwenye simu. Alikuwa anataka kumwambia. Naapa kwa hilo pia, na hiki ni kiapo cha pili cha kweli: alikuwa ameshafungua kinywa amwambie mwanawe asilie.

"Nikwambie kitu," mume wangu akasema, "na usimwambie mtu yeyote. Niliposoma ule ujumbe nilikaa chini. Nikapumua. Mungu anisamehe, mke wangu. Tangu aje kwetu sijapumua hivyo. Nilikuwa najiuliza kila siku, baada ya nyonga itakuwa nini, na tutakaa naye mpaka lini. Amepumzika. Na sisi tupumzike."

Mkono ulisimama hewani, kati ya shuka na simu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Kesho asubuhi nitakuwa nimefika. Msimzike mpaka nifike."

Simu ikakatika.

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati. Mama aliurudisha mkono wake kwenye shuka, akaulaza vizuri, akaunyoosha na vidole. Nilitaka kumshika. Sikuthubutu.

"Mama," nikasema, "alikuwa na uchungu. Mtu akiwa na uchungu husema lolote."

"Mimi ni mkunga. Nimekaa na watu wenye uchungu maisha yangu yote. Hapo ndipo husema kweli."

"Nitampigia. Nitamwambia sasa hivi kwamba uko hai."

"Ukimpigia nitapiga kelele mtaa mzima uje usikie habari za koti."

"Sikuliuza lile koti."

"Najua hukuliuza," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Sikuona haja ya kukuambia."

Nikajifuta uso kwa kanga.

"Basi kesho twende mapema," nikasema. "Nitatafuta machela na watu wa kubeba. Saa nne tuwe dirishani. Operesheni yako, Mama."

"Kesho sina nafasi." Alivua miwani, akaikunja, akaiweka kwenye meza ndogo kando ya vidonge. "Kesho nazikwa."

Nilidhani anatania. Nilimtazama nione kama anatania.

"Kanitolee gauni la bluu," akasema.

"Mama, lile..."

"Najua ulikolipeleka. Nimesoma. Mtafute aliyelinunua, akurudishie. Mwanangu akiingia hapa anikute nimelala nalo, na mikono yangu imepangwa. Nataka kumsikia tena, lakini safari hii aseme akinitazama."

"Nitamwambia nini yule mnunuzi?"

"Ukweli. Mwambie marehemu analihitaji."

Nikaichukua simu. Nikamtafuta yule mwanamke aliyenunua Jumanne, asiyeuliza bei ya mwisho, aliyenipa pole tatu mfululizo. Nikaandika: "Samahani dada, lile gauni la marehemu." Hapo nikakwama.

"Umeandika?"

"Bado, Mama."

"Andika," akasema, akavuta shuka, akajifunika mpaka usoni.